Dada Fundi Anajibu: Prosesa ya bei kubwa na gemu inayokwama

SWALI: Dada Fundi, shikamoo. Niko Mwanza, nasoma chuo mwaka wa pili. Kompyuta yangu ina Ryzen 5 3600, kadi ya picha RX 6600, RAM ya GB 8 kijiti kimoja, na monita ya 1080p yenye hertz 60. Gemu za mpira hazinisumbui, ila Cyberpunk 2077 inakwamakwama, hasa nikiendesha gari mjini. Nimetunza laki tisa. Kuna duka lina Ryzen 9 5950X iliyotumika, wanasema nikiifunga hiyo nimemaliza mambo yote kwa sababu ina viini 16 na madabodi yangu ya B450 haina prosesa kubwa kuizidi. Niichukue?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiichukue. Wala si prosesa mbaya. Nimewahi kumfungia mteja wangu hapa Dar anayehariri video za harusi, na kazi aliyokuwa akiiacha kompyuta ikeshe nayo ikawa inaisha kabla hajaenda kulala. Kwake ile pesa ilikwenda mahali pake. Kwako haitakwenda, na inaniuma kuona akiba ya mwanafunzi ikiishia kwenye namba iliyoandikwa juu ya boksi.

Kila fremu, yaani kila picha moja unayoiona kwenye skrini, imepitia mikono miwili. Prosesa inapiga hesabu: nani yuko wapi, gari limegonga nini, wapita njia wanaelekea upande gani. Kisha inaiagiza kadi ya picha ichore. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Chukulia prosesa yako inamaliza sehemu yake kwa milisekunde 8, na kadi inahitaji 16. Ukileta prosesa inayomaliza kwa 5, utapata fremu zilezile, kwa sababu kadi bado inahitaji 16. Na monita yako inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi. Fremu za ziada hutaziona zote.

Sasa viini 16, yaani sehemu 16 za prosesa zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja. Kuhariri video au kuchora picha za 3D ni kazi inayogawanyika vipande vingi, kila kiini kikachukua chake. Gemu haigawanyiki hivyo. Sehemu kubwa ya hesabu zake inategemea jibu la hesabu iliyotangulia, na mafundi hata wakiwa 16 tofali la juu haliwekwi kabla ya la chini. Ndiyo maana prosesa ya Threadripper 3990X ya mwaka 2020, yenye viini 64 na bei ya dola 3,990, ilikuwa hazina kwa studio za 3D, lakini kwenye gemu ilipitwa na prosesa za dola mia chache.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwenye familia hiyohiyo uliyotaka kununua. AMD, kampuni inayotengeneza Ryzen, walipotoa 5950X mwishoni mwa 2020 bei yake ilikuwa dola 799. Aprili 2022 wakaleta Ryzen 7 5800X3D kwa dola 449: viini 8, nusu ya ile, na spidi ya juu kabisa ya gigahertz 4.5, chini hata ya 5800X ya kawaida inayofika 4.7. Kwenye gemu nyingi hiyo yenye viini vichache na spidi ndogo ndiyo ikaongoza. AMD wenyewe walitangaza kwamba inaizidi Ryzen 9 5900X kwa wastani wa asilimia 15 hivi kwenye gemu za 1080p.

Sababu ni kache, kumbukumbu ndogo ya haraka. Prosesa ikihitaji data, inatafuta kwanza kwenye kache iliyo ndani yake. Isipoikuta, inaifuata kwenye RAM, na safari hiyo ni ndefu mara kadhaa. Gemu hurukaruka kwenye data yake, hivyo safari za RAM huwa nyingi. 5800X3D ilipandishiwa tabaka la kache juu ya kipande cha silikoni, ikafika MB 96 badala ya MB 32 za 5800X. Je, 5950X? Karatasi inasema MB 64, lakini hizo zimegawanywa kwenye vipande viwili vya silikoni, MB 32 kila upande, na uzi wa gemu (mfululizo mmoja wa hesabu zake) ulio upande mmoja haupati faida ya kuhifadhi data yake upande wa pili. Muuzaji hajakudanganya kuhusu namba. Alichokosea ni kuamini kwamba namba hizo ndizo gemu inazozitaka.

Jambo hili halikuishia kwa AMD. Oktoba 2024 washindani wao Intel walitoa prosesa ya Core Ultra 9 285K kwa dola 589, na wapimaji wengi wakakuta kwenye gemu inaachwa hata na 14900K ya Intel haohao iliyoitangulia. Ilikuwa mpya, ghali, na bado nyuma.

Ukisoma vipimo hivyo, kumbuka jinsi vinavyofanywa. Wapimaji hufunga kadi ya bei kubwa sana, tuseme RTX 4090, halafu wanashusha rezolusheni (idadi ya nukta za picha) ili kadi isiwe kikwazo na tofauti za prosesa zionekane. Wanafanya sawasawa, lakini ukiwa na RX 6600 sehemu kubwa ya tofauti hizo inayeyuka.

Tatizo lako, kwa ninavyolisoma, liko kwenye RAM. Tangu toleo la 2.0, Cyberpunk 2077 inataka RAM isiyopungua GB 12. Una 8. Ukiendesha gari mjini gemu inalazimika kuleta mitaa mipya haraka, RAM inajaa, Windows inaanza kusukuma data kwenye diski, na hapo ndipo inakwama. Isitoshe kijiti kimoja kinatumia njia moja tu kati ya mbili za RAM ambazo Ryzen yako inazo. Nunua jozi ya GB 8 mara mbili, DDR4 ya 3200, ufunge kwenye nafasi zinazooana kama kitabu cha madabodi kinavyoonyesha. Halafu ingia BIOS, programu ya msingi ya madabodi, uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kwa spidi iliyoandikwa juu yake. Hili watu wengi wanalisahau: RAM ya 3200 isipowashiwa XMP mara nyingi inakimbia kwa 2133 au 2400. Gemu yenyewe iwe kwenye SSD, diski ya kasi.

Baada ya hapo, pima. Cheza eneo linalokusumbua, tazama matumizi ya kadi kwenye Adrenalin, programu ya AMD ya kusimamia kadi yako. Ikiwa juu ya asilimia 95, kadi ndiyo inayokuzuia. Kisha shusha rezolusheni hadi 720p: fremu zikipanda sana, jibu ni kadi, zikibaki palepale, ndipo tumshuku prosesa. Usidanganywe na mita ya jumla ya prosesa. Yako ina nyuzi 12, kwa hiyo uzi mmoja ukijaa kabisa mita inaonyesha kama asilimia 8, ukadhani imelala.

Ikija kuthibitika kwamba ni prosesa, Ryzen 5 5600 inakutosha. Na ukihamia monita ya hertz 144 ukawa mtu wa Counter-Strike 2 au Microsoft Flight Simulator, tafuta 5700X3D: viini 8, kache MB 96, na inakaa kwenye B450 hiyohiyo. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, na nakusihi ufanye hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, madabodi inaweza kufa.

SWALI: Nataka laptop ya gemu. Kuna ya Core i7-1255U na ya Core i5-12500H yenye RTX 3050. Ya i7 ni ghali zaidi. Si ndiyo bora?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Chukua ya i5. Herufi ya mwisho ina uzito kuliko hiyo 7. U ni prosesa ya wati 15, yenye viini vikubwa (vile vyenye nguvu zaidi) viwili tu, iliyoundwa kwa laptop nyembamba za kutunza betri. H ni ya wati 45 na ina viini vikubwa vinne. Na hiyo ya i7 hujaitajia kadi ya picha. Kama inategemea picha za ndani ya prosesa, RTX 3050 itaiacha mbali. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aicheze gemu kwa nusu saa hivi mbele yako, ikiwa imechomekwa kwenye chaji, uone kama joto linaifanya ishushe spidi.