Prosesa kushuka kasi katikati ya jaribio

Mkuu, kama prosesa (chipu kuu) ya laptopu yako inaanza jaribio la kasi na gigahezi 4 halafu baada ya nusu dakika inashuka hadi 2.5, usikimbilie kulaumu joto. Prosesa nyingi za Intel za laptopu huruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi tu, mara nyingi sekunde 28, kisha hurudishwa kwenye kikomo cha kudumu, tuseme kutoka wati 40 hadi 15. Huo si ugonjwa, ndivyo zilivyopangwa.

Hakikisha hivi: chomeka chaja, fungua HWiNFO (programu ya kuonyesha hali ya mashine) upande wa sensa, endesha Cinebench (programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito) dakika 10. Tazama joto na wati kwa pamoja. Wati zikiganda kwenye namba ileile huku joto likiwa nyuzi 75, ni kikomo cha umeme. Kubadilisha pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoozi) hakutasaidia kitu. Joto likigonga 95 hadi 100 ndipo kasi ishuke, hapo tatizo ni upoozaji. Zima, chomoa betri, fungua mfuniko wa chini, ng'oa feni kabisa. Vumbi hujigandisha kati ya feni na mapezi ya shaba (vibamba vya kutoa joto), na bila kuing'oa hulioni. Ukipuliza, shikilia feni isizunguke. Pesti mpya ipake ifunike uso wote wa chipu, kwa sababu chipu nyingi za laptopu hazina kifuniko cha chuma cha kusambaza joto.

Kasi ikinata kwenye gigahezi 0.4 au 0.8 hata prosesa ikiwa baridi, shuku chaja: ama wati hazitoshi, ama mashine haiitambui.