Uliza Maalim: Hotipoti ya tambi imenipa 8 kwa 20

SUALI: Assalaam alaykum Maalim. Mie mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Wete, Pemba. Mwalimu wetu wa Kiswahili katunga hadithi fupi ya mapenzi, ya kuchekesha, katusomea darasani tukacheka mpaka machozi, halafu katwambia haya kaeni muichambue, ploti, mandhari na wahusika. Nikaandika kurasa nne, nimezitia pamoja na barua hii. Nikaanza na fasili ya kila kitu, nikataja wahusika wote na tabia zao, nikasema mandhari ni Wete mwezi wa Ramadhani, nikaeleza yalotokea tangu mwanzo hadi mwisho. Kanipa 8 kwa 20 na pembeni kaandika kwa wino mwekundu "umenisimulia hadithi yangu mwenyewe".

Hadithi kwa ufupi iko hivi. Kheri anauza spea za baiskeli, anampenda Asya, mwalimu wa skuli, lakini kusema hawezi, kila akikutana nae anamuuliza kama mipira ina upepo, na Asya hana baiskeli. Siku moja ya Ramadhani kaandika nyuma ya risiti ya dukani "Tangu nikuone usingizi umenihama", hakutia jina lake wala la Asya, kakifunga kikaratasi kwenye nailoni kakiweka juu ya tambi ndani ya hotipoti ya mama yake, kampa mdogo wake apeleke kwa kina Asya. Mama yake Asya, Bi Kazija, mjane, siku hio keshaletewa tambi kutoka nyumba tatu, basi hotipoti hakuifungua hata, kaipitisha kwa Mzee Makame, mstaafu wa bandarini alofiwa na mkewe. Adhana ya magharibi ikalia, mzee kafungua, kasoma, kajua kaandikiwa na Bi Kazija. Kesho yake katia hina ndevu. Ikawa kila alasiri anapita mbele ya nyumba ile na kanzu ilopigwa pasi, Bi Kazija nae akadhani anamtazamia Asya kwa ajili ya mtoto wa nduguye alioko Unguja, akamwambia basi waje wazee. Kheri kusikia nyumba ile inakwenda posa homa ikampanda. Siku ya posa mzee kachomoa kikaratasi mbele za watu, "wewe mwenyewe ndo ulonianza", Asya kukigeuza nyuma kaona "tyubu 1, cheni 1". Watu kimya. Mzee kakikunja kikaratasi, kampa Asya, halafu akaomba kalamu. Sikukuu mosi hotipoti ikarudi kwa kina Kheri ina kaimati ndani, na kikaratasi chake kimesahihishwa kwa wino mwekundu, 6 kwa 10, "jina la mwandishi halipo, rudia".

Maalim, nimekosa wapi? Na mwenzangu anashikilia kuwa mhusika mkuu ni Mzee Makame, mie nasema Kheri. Nani kapatia?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza mpe salamu zangu mwalimu wako, kutunga hadithi kama hio halafu ukakae usahihishe karatasi 40 za watoto wanaokusimulia ulichokitunga mwenyewe, kunataka subira. Mie nimesahihisha mitihani miaka, na karatasi kama yako naijua kabla sijamaliza mstari wa pili, maana inaanza "Mandhari ni mahali na wakati ambapo tukio hutokea" na kuanzia hapo mtu anatembea na orodha mkononi kama aliotumwa sokoni Darajani. Fasili hazikatazwi. Ila hawajakuuliza mandhari ni nini, wamekuuliza mandhari ya hadithi hii yanafanya kazi gani.

Tuanze na ploti kwa sababu ndo ilokula alama zako nyingi. Kuna Mwingereza, E. M. Forster, alotoa mihadhara kule Cambridge mwaka 1927, na mfano wake mmoja mpaka leo hakuna alouzidi kwa ufupi. Ukisema mfalme kafa halafu malkia kafa, hio ni hadithi tu. Ukisema mfalme kafa halafu malkia kafa kwa simanzi, hapo ushapata ploti. Tafauti yote iko kwenye ile simanzi, yaani sababu. Sasa chukua kurasa zako nne, tia mstari chini ya kila "halafu", ujiulize hapa naweza kuweka "kwa sababu"? "Kheri kapeleka tambi, halafu Mzee Makame katia hina" ni muhtasari. "Mzee Makame katia hina kwa sababu hotipoti ilipita mlango mmoja zaidi ya ilikotumwa, na ilipita kwa sababu Bi Kazija keshajaziwa tambi" hapo ndo unaanza kuchambua.

Lakini mie ningekuwa wewe ningeanza na mandhari, hapo ndipo penye utamu wote, na ndipo ulipopapita na mstari mmoja. Hebu fanya hivi, ihamishe hadithi uipeleke mwezi wa Shaabani. Mtoto kaja na hotipoti saa tisa mchana, Bi Kazija kafungua pale pale mlangoni, katia kidole, kasema "mh, sukari imezidi", kakiona kikaratasi, kamwita Asya. Imekwisha, haina hata ukurasa. Hotipoti ile imeweza kupita nyumba mbili bila ya kufunguliwa kwa sababu watu wamefunga, mtu hana haja ya kuchungulia chakula ambacho hakionji mpaka muadhini apande. Mwalimu wako hakuichagua Ramadhani kwa kuwa inapendeza, kaichagua kwa kuwa inafunga mifuniko.

Halafu tazama ada nyengine zinavofanya kazi chini kwa chini. Futari tunapelekeana, na anopeleka ni mtoto, na mtoto unamjua, anasimama mlangoni anasema "mama kasema hizi" keshakimbia kurudi kwenye mchezo wake, hata hujamuuliza mama gani. Kwa hio maelezo yote yanapotea baina ya mlango na mlango. Na chombo hakirudi kitupu, kila mmoja anajua hilo, ndo maana mwisho wa hadithi hotipoti lazima irudi na kitu ndani, mwandishi hakulazimika kuzua njia ya kumfikishia Kheri jibu, ada ya mtaa imemfanyia. Kama kurasa zako zingesema hili moja tu, wallahi ungepata 12.

Na mandhari sio mahali tu, ni saa pia. Magharibi kwetu mwaka mzima haitoki baina ya saa 12 na saa 1, na Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hio hadithi haina masika wala vuli, haikutaja karafuu wala mvua, yote inakwenda baina ya alasiri na adhana. Kila mtu ana njaa, kila mtu ana haraka, na mtu mwenye njaa hasomi vizuri. Mzee Makame kakisoma kikaratasi na tende mdomoni! Angekisoma baada ya tarawehe pengine angekigeuza nyuma.

Hapo tunafika kwenye kicheko chenyewe. Umeandika hadithi "inachekesha kwa kutumia lugha ya ucheshi". Hapana mwanangu. Lugha yake ya kawaida kabisa, kinachochekesha ni nani anajua nini. Chora jaduweli uone. Kheri anajua kaandika lakini hajui hotipoti ilipita. Bi Kazija anajua kaipitisha lakini hajui kama mna kikaratasi. Mzee anajua kuna kikaratasi lakini hajui kimetoka wapi. Asya hajui chochote. Na wewe msomaji umekaa juu ya dari unawaona wote. Hio ndo kinaya, na ndo injini ya hadithi nyingi za mapenzi za kuchekesha, kila mmoja ana kipande kimoja cha ukweli na anaapa ndo ukweli mzima. Kilele ni siku ya posa kwa sababu vipande vyote vimeingia chumba kimoja. Baada ya hapo hakuna tena cha kuficha, ndo maana hadithi inamalizika upesi, mistari michache tu, na nyie wanafunzi mnapenda kuandika "mwandishi ameharakisha mwisho". Hakuharakisha, alilomaliza kamaliza.

Ile risiti nayo umeitaja bila ya kuiona. Imetajwa mwanzoni kabisa kama kitu cha kupita njia, mwisho ndo inomfichua Kheri. Hicho ni kidokezo, na sie watu wa visiwani hatuna haki ya kutokijua, maana ni Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, alomzua mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na kitabu cha mwanzo kikatoka 1960. Mchezo ni ule ule, ukimwonesha msomaji kitu mapema akakidharau, kikija kurudi anajipiga paji la uso.

Sasa ugomvi wako na mwenzako. Wahusika bapa na wahusika duara mmesomeshwa, na maneno hayo asili yake ni yule yule Forster. Kipimo chake cha bapa ni kuwa mhusika unaweza kummaliza kwa sentensi moja. Kheri: kijana anoongea mipira ya baiskeli pale alipotaka kuongea mapenzi. Basi, umemmaliza, na sio aibu, kichekesho kinamtaka mtu kama huyo, ukimtia mawazo mengi kicheko kinapoa. Kipimo cha duara ni kuwa anaweza kukushtua na bado ukamuamini. Nani kakushtua kwenye hadithi hii? Wakati watu wote kimya, mzee mwenye ndevu nyekundu kaaibika mbele za wazee wenziwe, sie tunasubiri atoke kwa hasira au asingizie mtu, yeye kaomba kalamu. Yaani barua ile sio ya Bi Kazija, vyema, basi ntaandika ya kwangu. Mie hapo niliacha kucheka, na nimerudi kuisoma barua yako mara mbili kwa ajili ya maneno mawili hayo.

Kheri ndie alolianzisha gurudumu, hilo huwezi kunyang'anywa, na ukiandika kuwa yeye ni mhusika mkuu kwa hoja hio hakuna mwalimu atakokunyima alama. Lakini tazama nani kabadilika. Kheri mpaka sikukuu mosi bado hajatia jina lake. Mzee alokaa mjane siku zote hizo anaandika mbele za watu. Mwenzako kapatia, niwie radhi.

Bi Kazija umemuita "mjinga". Futa. Kafanya alichofanya kila mama wa mtaa mwenye tambi za nyumba tatu.

Na moja la pembeni. Mwalimu wenu kakuandikia kwa wino mwekundu "umenisimulia hadithi yangu mwenyewe", na Asya nae mwalimu, nae anasahihisha kwa wino mwekundu. Mwalimu wenu mume wake anauza nini? Mie sisemi kitu, nimeuliza tu.

SUALI: Maalim shikamoo. Nipo Bububu, naandika hadithi fupi ya mapenzi yenye vichekesho, kijana anamfukuzia msichana mjini Paris wanapishana kwenye treni. Nimewasomea wenzangu barazani hakuna alocheka. Tatizo ni ploti au wahusika?

JIBU: Marahaba. Umewahi kufika Paris? Kwa barua yako naona hujafika, maana treni yako haina harufu, haina bei, haina mtu alomkanyaga mwenziwe. Watu wa barazani hawakucheka kwa sababu hawajui nini hakifai kufanywa ndani ya treni hio, na wewe hujui. Ili mtu acheke lazima ajue ada kabla hujaivunja. Watie hao wapenzi wako kwenye daladala ya kwenda mjini saa moja asubuhi, msichana kabanwa baina ya ndoo ya samaki na bibi mwenye kuku, kijana yuko mlangoni ananing'inia na anataka kusema jambo la siri, na kila analosema konda analirejea kwa sauti ili lifike nyuma. Hapo huna haja ya kuzua kichekesho, gari lenyewe litakuletea. Ploti yako sijaiona kuwa mbaya, kupishana ni kuzuri, ila mpe kila mmoja sababu ya kupishana, sio bahati tu mara tano. Bahati mara moja msomaji anakusamehe, mara ya pili anakutazama.

SUALI: Dhamira ya hadithi ya kuchekesha inatafutwaje? Maana naona ni mzaha tu.

JIBU: Tafuta kitu ambacho kila mhusika anakiogopa. Kwenye hio ya hotipoti hapo juu wote wanaogopa kitu kimoja, kusema wenyewe kwa mdomo wao, hata Asya kajibu kwa alama. Anza hapo, aya mbili zinatosha, usiandike "mwandishi anatufunza kuwa".

Wenye hadithi zenu za mapenzi tuleteeni, maneno 2,000 yasizidi, chapeni au andikeni kwa mkono unaosomeka. Wiki ilopita imetufikia moja nzuri sana, imeandikwa nyuma ya karatasi ya luku, ile ya umeme, tumeigeuza mbele na nyuma, jina la mwandishi halipo. Ulioandika, rudia.