Sheikh, mke wangu anataka binti yetu aitwe Sunniva, inafaa?

SWALI: Asalam aleykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, niko Bergen huku Norwe mwaka wa sita sasa. Mke wangu ni wa huku huku, alisilimu kabla hatujaoana alhamdulillah. Tumejaaliwa mtoto wa kike, leo ana siku nne. Mke wangu anataka aitwe Sunniva, jina la bibi yake aliyemlea, na huyo bibi ni Mkristo na bado yuko hai. Mimi jina nimelipenda pia kwa sababu lina Suna ndani yake, mama yangu huko Tanga nimeshamwambia maana yake ni mwenye kufuata Suna, kafurahi sana. Lakini rafiki yangu mmoja kaniambia hilo ni jina la mtakatifu wa makanisani, haramu kabisa. Nimechanganyikiwa sheikh, naomba unisaidie.

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh kijana wangu, na hongera sana, Mwenyezi Mungu amkuze awe katika waja wake wema na mama yake ampe afya. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana umefunga mambo mengi kwenye fundo moja, na lile ulilolitaja kwa kupita tu, la mama yako, ndilo limenigusa zaidi. Ntafika huko.

Tuanze na jina lenyewe. Sunniva halina Suna ndani yake hata chembe. Asili yake ni Kiingereza cha kale, kile cha miaka elfu moja na zaidi huko nyuma, lilikuwa Sunngifu, yaani maneno mawili yameunganishwa, la kwanza jua na la pili zawadi. Zawadi ya jua, basi. Likavuka bahari likaingia Norwe, wenyewe wakalitamka kwa ulimi wao likawa Sunniva, na humo humo wakapata Synnøve na Synne ambayo naamini unayasikia kila siku huko uliko. Kufanana kwake na Suna ni kwa masikio tu. Na sisi watu wa pwani tusishangae mambo haya, angalia jina la Asia, tunalo kila mtaa. Mtume s.a.w. alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Aasiya, lile la herufi za Kiarabu ain na saad ambalo maana yake ni muasi, akamwita Jamila, na hadithi hiyo iko kwenye kitabu cha Imamu Muslim. Lakini Asiya mke wa Firauni, la alif na siin, ni jina la mmoja wa wanawake bora waliopata kuishi duniani, na sisi kwa Kiswahili yote mawili tunayaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akihukumu jina kwa sikio bila kurudi kwenye asili yake anaweza kuharamisha la halali, na anaweza pia kulipamba jina kwa sifa lisilokuwa nayo kama ulivyofanya wewe.

Sasa rafiki yako. Kasema kweli nusu. Huko Norwe Sunniva ni mtakatifu wao, tena wa upande wenu wa magharibi kabisa. Wanavyosimulia, alikuwa binti wa mfalme kutoka Ireland, karne ya 10, mfalme mmoja mpagani akataka kumuoa, naye binti akakimbia na watu wake kwa majahazi yasiyo na tanga wala makasia, wakawa wanakwenda wanakopelekwa na bahari, mpaka wakatua kisiwa cha Selja. Wenyeji wakawatuhumu kuwa wanaiba kondoo zao, wakamwita mtawala wao Håkon aje na jeshi, wale watu wakaingia pangoni wakaomba wasiangukie mikononi mwake, na mawe yakaporomoka yakawafunika. Mwaka 996 mfalme Olav Tryggvason akafika huko na mwili wa Sunniva ukakutwa haujaharibika, na mwaka 1170 masalia yake yakahamishiwa Bergen, huo huo mji unaoishi wewe. Ukiisoma habari hii, watu wa imani wanamkimbia mfalme na kuingia pangoni, mtu huwezi kuacha kuwakumbuka vijana wa Suratul Kahf. Hata hivyo hiyo ni simulizi yao, na sisi tumefundishwa kwenye hadithi ya Bukhari kwamba Watu wa Kitabu wakitusimulia yao tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe. Tunasikia, tunanyamaza.

Lakini je, jina linakuwa haramu kwa kuwa mtakatifu wa Wakristo aliitwa hivyo? Hapana, rafiki yako hapo kavuka mpaka. Ingekuwa hivyo basi na Maryam tungemwacha. Tena Mtume s.a.w. alikuwa na bi Mariya aliyetoka Misri kwa Wakopti, yaani Wakristo wa huko, jina lake la kikwao akabaki nalo, hakuambiwa abadilishe, na ndiye mama wa mwanawe Ibrahim. Jina kutokuwa la Kiarabu si kosa hata kidogo, watu wetu wengi hili linawatatiza mpaka wakaona Uislamu wa mtoto unaanzia kwenye Kiarabu cha jina lake. Kinachokatazwa ni kumpa mtoto jina la mtakatifu kwa nia ya kutafuta baraka yake au ulinzi wake, na mke wako kwa maelezo yako hana habari na mtakatifu, yeye anamkumbuka bibi yake. Nia hiyo ni nzuri, usimkaripie. Asma binti wa Abubakar r.a. alipojiwa na mama yake ambaye bado hajasilimu alimuuliza Mtume s.a.w. kama amuunge, akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Bibi aliyemlea mtu naye ana haki yake.

Linabaki la maana, na hapa ndipo penye uzito kwangu mimi. Neno jua peke yake halina ubaya wowote. Sisi tuna akina Shamsa, na Mola wetu kaapa kwa jua kwenye sura nzima iliyoitwa kwa jina lake. Kilichokatazwa kuhusu jua ni kulifanya mungu, ndo maana kwenye Fussilat tukaambiwa msilisujudie jua wala mwezi, na yule ndege hudhud kwenye Suratun Naml kilichomshtua ni kuwaona watu wa Sabaa wanalisujudia jua. Inapokewa kwamba Abu Hurayra kabla ya Uislamu aliitwa Abdu Shams, mja wa jua, jina hilo likaondolewa. Sunniva halijafika huko, halina uja ndani yake. Ila ukiuliza zawadi hii kaitoa nani, jina linakujibu jua. Na Mwenyezi Mungu kwenye Suratu Shura katuambia ni Yeye anayemtunukia amtakaye watoto wa kike na anayemtunukia amtakaye wa kiume, tena ukiangalia aya vizuri watoto wa kike katangulia kuwataja. Wewe siku nne tu zilizopita umetunukiwa, bado mtoto hajafungua macho vizuri, halafu umwite kwa jina linalomtaja mtoaji mwingine? Mimi moyo wangu unakataa. Sisemi ni haramu, wala sisemi aliyeitwa hivyo ana dosari, na Waingereza wenyewe wa zamani walikuwa wanaunganisha vipande vya majina ya ukoo bila kukusudia maana yake kila mara, walikuwa nalo hata Godgifu, zawadi ya Mungu. Nasema inachukiza, na ukiwa bado hujaandikisha una nafasi ya kuchagua lililo safi zaidi.

Kuhusu huyo bibi, yeye na jina lake muacheni. Yuko Abdu Shams mwingine, si Abu Hurayra, babu wa ukoo wa Bani Umayya, Mtume hakumbadilishia jina kaburini, na kizazi chake kiliendelea kutajwa hivyo, maana kumtaja mtu kwa jina alilokuwa nalo ni habari tu, si kama kumpa mtoto jina upya. Kwa hiyo hapo nyumbani muiteni bibi Sunniva kwa heshima zote.

Na ushauri wangu ni huu, mkae wewe na mke wako mlitazame lile jina kama lilivyo, vipande viwili. Kila kipande peke yake ni kisafi, tatizo limekuja vilipogandishwa. Mkichukua jua, mtoto aitwe Shamsa, bibi atakuwemo ndani yake na huko Tanga jina linajulikana halihitaji maelezo. Mkichukua zawadi, aitwe Hiba, na mtoaji mtakuwa mnamjua nyinyi wenyewe. Mke wako ndiye achague kati ya hayo, ndivyo ninavyoona mimi, ingawa mwanachuoni Ibnul Qayyim amesema wazazi wakivutana haki ya kutoa jina ni ya baba, haki ukiwa nayo si lazima uitumie kwa mtu aliyetoka uzazini juzi na aliyeacha mengi ya kwao kwa ajili ya dini. Serikali ya huko inawapa mpaka mtoto afike miezi 6 kupeleka jina kwenye usajili, kwa hiyo hamna anayewakimbiza, ila siku ya saba ndiyo suna ya kumchinjia, kumnyoa na kumpa jina, na hata kabla ya hapo inafaa kwa sababu Mtume s.a.w. mwanawe Ibrahim alimpa jina usiku ule ule aliozaliwa. Kwa mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, na kama huko kuchinja ni shida tuma pesa Tanga wachinje huko huko jamaa na majirani wale.

Sasa mama yako. Umemwambia jina lina maana ya kufuata Suna, naye sa hivi bila shaka keshawaambia majirani na wenzake wa madrasa, na mzee wa watu anamuombea mjukuu wake kwa maana isiyokuwepo. Wewe ulidhani hivyo, hukukusudia kudanganya, lakini tangu uisome barua hii hudhani tena. Mpigie leo, usimtumie meseji, sauti ni bora. Mwambie mama nilikosea, nilikuwa sijui, jina lile ni la bibi yake mke wangu na maana yake ni hii na hii, na sasa tunataka kumwita hivi. Mpe simu na mke wako wasalimiane, hata kama Kiswahili chake ni cha maneno mawili matatu.

Mkishakubaliana niandikie jina nimuombee dua kwa jina lake.