Usukani wa Beetle usiorudi wenyewe baada ya kona

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1963 niliyoachiwa na marehemu baba yangu, na mwaka huu nimeifufua. Baada ya kufungwa tairodi mpya (fito zinazounganisha sanduku la usukani na magurudumu ya mbele) na matairi ya radiali, usukani ulikuwa na mlegezo wa kama vidole vitatu kila nilipokwenda kwenye barabara iliyonyooka. Fundi alikaza skrubu ya sanduku la usukani na mlegezo ukapungua, lakini sasa nikitoka kwenye kona ya kushoto usukani hukwama na inanibidi niurudishe kwa mkono, ilhali nikitoka kona ya kulia hurudi vizuri. Nikifika kilomita 60 kwa saa, magurudumu ya mbele hutetemeka. Karakana ya alaimenti, yaani ya kupima mwelekeo wa magurudumu, inasema gari limenyooka. Je, ninunue sanduku jingine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Ulipoandika kwamba usukani hukwama ukitoka kushoto tu, ulikuwa umekwisha kulitaja jibu bila kujua.

Ndani ya sanduku la Beetle ya umri huo mna rola, yaani kigurudumu kidogo, inayotembea juu ya parafujo inayozungushwa na usukani, na vimetengenezwa vibane zaidi katikati, mahali ambapo usukani hukaa muda mwingi gari linapokwenda mbele, kisha vilegee kadiri unavyokata upande wowote. Ikiwa aliyefunga tairodi alipata vipimo vya alaimenti kwa kuzungusha tairodi moja peke yake, magurudumu yatatazama mbele vizuri, lakini rola itakuwa imekaa pembeni mwa katikati, kwenye sehemu iliyolegea. Huo ndio mlegezo uliouona. Fundi alipoikaza skrubu hapo hapo pembeni, alikifanya kitovu cha sanduku, yaani ile sehemu yake ya katikati, kibane kupita kiasi, na kwa kuwa kitovu hicho sasa kiko upande wa kushoto wa mwendo wako ulionyooka, kila ukirudi kutoka kushoto unakipitia na usukani unakwama. Mashine ya karakana haikusema uongo. Inapima magurudumu, haijui rola iko wapi. Mafundi wengine hata huung'oa usukani uliokaa upande na kuurudishia ukiwa umenyooka, ili dereva asishtuke.

Mwambie fundi wako ailegeze skrubu hiyo, kisha ainue sehemu ya mbele kwa jeki na kuiegemeza kwenye stendi imara. Kabla ya vipimo vyovyote, uchakavu ujulikane. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise, halafu mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mlegezo ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia) au linkipini (pini zinazoliunganisha na mikono ya ekseli ya mbele), na hapo ndipo mtetemeko wa kilomita 60 hutokea mara nyingi, pamoja na matairi ambayo hayakufanyiwa balansi. Kubadili shokabu ndogo ya usukani huuficha mtetemeko huo kwa muda tu, hakuuondoi.

Linkipini za gari lako hurekebishika: bolti inayoibana hulegezwa, pini hukazwa mpaka ianze kugoma, kisha hurudishwa nyuma moja ya nane ya mzunguko na kubanwa tena. Zipige grisi magurudumu yakiwa yananing'inia, kwa sababu yakiwa chini uzito huziba njia ya grisi upande ule ule unaoihitaji. Mlalo wa gurudumu, yaani kulala kwake kuelekea nje au ndani, hupangwa kwa washa nyembamba zilizo kwenye pini hizo hizo. Idadi yake haibadiliki, ila huhamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukisikia mtu anazungumzia bushi ya kuzungusha kwenye boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) ya juu, anazungumzia magari ya kuanzia modeli ya 1966, siyo lako.

Baada ya hapo itafutwe katikati ya sanduku. Tairodi zote mbili zifunguliwe kutoka kwenye mkono wa sanduku, yaani ule wenzo unaozisukuma, usukani uzungushwe polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku mizunguko ikihesabiwa, na uachwe nusu ya safari. Hapo ndipo skrubu hukazwa, kidogo kidogo, mpaka mlegezo uishe bila usukani kuwa mzito.

Sasa fungeni tairodi huku usukani umezuiwa usitoke katikati, kisha lishusheni gari likae juu ya magurudumu yake mahali tambarare. Nyosheni uzi kila upande wa gari, kwenye kimo cha vitovu vya magurudumu, sambamba na mstari wa katikati ya gari, mkikumbuka kwamba umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele na kati ya yale mawili ya nyuma si sawa. Pimeni kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kitovu. Rimu zikaribiane kwa mbele kuliko kwa nyuma kwa jumla ya milimita 2 hadi 4, nusu yake kila upande. Msilinganishe tairodi zenyewe kwa urefu, kwa maana ile ya upande wa dereva ni fupi kwa maumbile. Kwa matairi ya radiali mimi hupendelea kukaa karibu na milimita 2.

Jambo moja ambalo hakuna karakana iliyonitajia nilipokuwa na Beetle yangu ni upepo wa tairi. Injini iko nyuma, hivyo tairi za mbele hujazwa kiasi cha paundi 18 tu, na za nyuma 27. Kijana wa kituo cha mafuta akikujazia 30 kote, gari litatangatanga hata likiwa limepimwa vizuri.

Vipimo vikiisha kukaa sawa, lipeleke gari mahali pa wazi, kata kona taratibu kulia na kushoto, kisha legeza mikono. Usukani ukisita tena upande wa kushoto, skrubu ilegezwe moja ya nane ya mzunguko na mjaribu upya, tairodi msiziguse.