Ukiulizwa Kama Kikombe Kinaponya

Mtu anayefanya kazi ya maabara katika nchi ambayo makanisa hujaa Jumapili na misikiti hufurika Ijumaa huulizwa maswali ambayo masomo ya chuo hayakumwandaa kuyajibu. Je, maombi yanaponya? Je, ndoto inaweza kumwonyesha mtu dawa? Kwa nini fulani alikatiwa tamaa hospitalini, akaombewa, na leo anatembea? Nimeulizwa hayo misibani, harusini na ndani ya daladala, na kwa kuwa nataka kuona ushahidi kabla ya kukubali jambo, wengi hutazamia kwamba nitakana kila kitu. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wenye shaka, hasa vijana walioko vyuoni, wanaowapenda ndugu zao na hawajui waanzie wapi kuzungumza nao. Shaka yako ielekeze kwenye dai linaloweza kupimwa, na imani ya mtu mwachie mwenyewe.

Mwaka ulionifundisha hilo ni 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Masapila, aliyejulikana kote kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Alisema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni na kwamba inaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi porini, wagonjwa walivuka mpaka kutoka Kenya, viongozi wa serikali nao walionekana wakinywa, na wapo waliofia njiani wakisubiri zamu yao. Kikombe kiliuzwa shilingi 500 tu. Bei hiyo ndogo ilikuwa na nguvu kubwa katika fikra za watu, kwa kuwa tumezoea kumtambua tapeli kwa tamaa yake ya fedha, na hapa palikuwa na mzee mpole anayeishi maisha ya kawaida. Hata hivyo, unyofu wa mtu hauwezi kuwa ushahidi wa nguvu ya dawa yake, kwa sababu mtu mkweli kabisa anaweza kuamini kwa moyo wote jambo lisilo sahihi.

Shangazi yangu, ambaye ameishi na kisukari kwa muda mrefu, alinipigia simu kipindi hicho. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, wewe umesoma. Niende au nisiende?" Sikumkataza, kwa maana safari ile kwake ilikuwa ibada, na kumzuia kungekuwa kumwambia kwamba sala zake hazina thamani mbele yangu. Nilimwomba aendelee kumeza vidonge vyake kila siku bila kuruka, apime sukari asubuhi kabla ya kula tangu siku hiyo hadi wiki kadhaa baada ya kurudi, na kila kipimo akiandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Hilo halina ubaya. Mungu hakasiriki tukipima." Alikwenda na kundi la kanisani kwake, akarudi, akaendelea kuandika. Vipimo vilibaki vilevile, vikipanda na kushuka kama ilivyokuwa kabla ya safari, na aliyenisomea kwenye simu alikuwa yeye mwenyewe. Hakuacha kusali, wala vidonge hakuviacha.

Namba zile zilifanya kazi ambayo hoja zangu zisingeifanya, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu. Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kwa mganga, kwa mwombeaji au hata kwa daktari siku ambayo hali yake iko chini kabisa. Siku zinazofuata, kwa kawaida, huwa bora kidogo kuliko ile mbaya kuliko zote, iwe amekunywa dawa au hakunywa. Tuseme watu 1,000 wenye mafua wamepewa maji ya kisima: baada ya wiki mbili walio wengi watakuwa wazima, na kila mmoja wao ataweza kutoa ushuhuda wa kweli kabisa kuhusu kile kisima. Kisha kuna wale ambao hatuwasikii. Aliyepata nafuu husimama kanisani na kusimulia, lakini aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyefariki hana wa kumsemea. Ndiyo maana, ninaposikia ushuhuda, huwa siulizi kama msemaji ni mkweli. Huuliza walikuwa wangapi walioondoka pamoja naye, na wengine wako wapi.

Wapo watakaosema kwamba shaka hii ni dharau kwa dawa za asili. Dawa mseto, ambayo karibu kila familia ya huku imewahi kuitumia kutibu malaria, inakanusha jambo hilo. Chanzo cha sehemu yake moja ni mmea wa artemisia, uliotumika China kutibu homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou alipitia maandishi ya kale, akakuta maelekezo ya Ge Hong, yaliyoandikwa takriban miaka 1,600 iliyopita, ya kuloweka mmea huo na kukamua maji yake. Akashuku kwamba joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akabadili njia ya kuikamua, na mwaka 1971 akapata kimiminika kilichoua vimelea vya malaria katika panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walikinywa wao kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Elimu ya wahenga ilimwonyesha pa kutazama, na vipimo vikathibitisha. Kuhusu mugariga, Babu alisema dawa yake hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake tu, palepale Samunge. Dai lililojiwekea sharti la namna hiyo limejifungia mlango wa kupimwa, na ukikutana nalo, kwa mganga au kwa muuza virutubisho, ongeza tahadhari.

Yako mambo ambayo sitayapima kamwe. Faraja ya sala ya msibani, shukrani ya mama aliyejifungua salama, uamuzi wa mtu kusamehe kwa sababu dini yake imemwagiza: hayo hayaniombi ushahidi, na kwangu ni ya thamani. Padri Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, hakufurahia Papa Pius XII alipoielekeza nadharia hiyo upande wa kuthibitisha uumbaji. Alitaka hesabu zake zisimame au zianguke kwa vipimo, na misa yake aliendelea kuiadhimisha.

Ukishaamua kuzungumza, zungumza na mzee wako faraghani, kamwe si mbele ya wajukuu au waumini wenzake, na umpe nafasi ya kubadili mawazo bila aibu. Ukigundua kwamba ndugu ameshaacha dawa, hasa ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usimgombeze, kwa maana atakuficha yanayofuata. Virusi huongezeka tena dawa zikikatizwa, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa zilezile. Kwa hiyo asizianze upya kimyakimya kwa aibu ya kukaripiwa: mshawishi arudi kliniki yake mapema iwezekanavyo, aeleze ameacha tangu lini, na akihofia maneno ya wahudumu, fuatana naye mwingie pamoja.