Je, wazee hupata mazungumzo ya kweli katika uhalisia pepe?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, anaishi Tanga, na dada yake yuko Melbourne. Binamu yangu anataka kuwanunulia miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, ili wawe wanakutana humo. Je, wazee huyaonaje mazungumzo ya namna hiyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, huko huko Melbourne watafiti wa chuo kikuu cha mji huo waliwakutanisha wazee katika mandhari ya shule yaliyotengenezwa kwa kompyuta, wakachapisha matokeo mwaka 2021 yaliyoonyesha kwamba mandhari hayo yaliwasaidia wazee hao kusimuliana kumbukumbu za masomo yao. Nadhani faida kubwa iko hapo, kwa kuwa mnapokuwa na kitu cha kutazama pamoja, mazungumzo hupata pa kuanzia, tofauti na simu ambayo huisha mara tu salamu na habari za afya zinapokwisha.

Hata hivyo, anayeonekana si mama yako wala dada yake bali avata, yaani umbo la kuchorwa, ambalo mara nyingi halionyeshi macho yaliyolengwa machozi wala tabasamu halisi. Kwa ndugu hao wawili waliotengana muda mrefu, upungufu huo si mdogo, na kwa hiyo ningependa simu ya video isiachwe.

Miwani yenyewe huweza kufikia nusu kilo na huwatia wengine kichefuchefu. Mama aketi kitini, aanze kwa dakika chache, na mtu awe karibu naye.