Kufuli Dhaifu la DVD Mbele ya Sheria

SWALI: Ndugu Mhariri, ninazo DVD za filamu nilizozinunua kihalali. Nikijaribu kuzinakili, kompyuta hukataa, lakini programu za kuzifungua zimezagaa kwenye intaneti. Je, kufuli dhaifu namna hiyo bado huhesabiwa kuwa "hatua madhubuti ya kiteknolojia"? Na onyo la "usinakili" kwenye kasha, je?

JIBU: Nianze na lililo jepesi. Onyo la maandishi si hatua ya kiteknolojia, kwa kuwa halizuii chochote. Linakukumbusha tu haki za mwenye kazi, ambazo zingekuwepo hata lisingeandikwa.

Neno "madhubuti" ndilo lenye utata. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO (Shirika la Haki Miliki Duniani) wa mwaka 1996, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi wanachama zizuie kisheria ukwepaji wa hatua madhubuti za kiteknolojia zinazotumiwa na watunzi kulinda haki zao, lakini hausemi umadhubuti huo hupimwaje, na hivyo kila nchi ikajitungia kipimo chake.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 haiulizi kufuli lina nguvu kiasi gani, bali linafanya kazi gani: inatosha kwamba, katika utendaji wake wa kawaida, kazi haifunguki mpaka itumike taarifa au mchakato ulioidhinishwa na mwenye haki. Usimbaji wa DVD uitwao CSS, yaani kufuli linaloficha yaliyomo kwa msimbo, una ufunguo wa biti 40 tu, na programu ya DeCSS iliuvunja mwaka 1999. Hata hivyo mahakama ya shirikisho ya New York iliukataa mwaka 2000 utetezi kwamba udhaifu huo uliuondolea ulinzi wa sheria. Mlango wa makuti nao ni mlango.

Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 yanataka zaidi, yaani hatua iwe inafikia lengo lake la ulinzi, na hapo ndipo Mahakama ya Wilaya ya Helsinki ilipojishikiza mwaka 2007 iliposema kwamba CSS, ambayo kila mtu angeweza kuifungua kwa programu za bure, haikuwa madhubuti tena. Binafsi naona hoja hiyo ilisoma maneno ya sheria kama yalivyo, ingawa mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo mwaka uliofuata.

Tafsiri finyu nayo ina matokeo yake. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba kinga ya PlayStation, mashine ya michezo ya video ya Sony, haikuingia katika tafsiri ya sheria ya wakati huo, kwa sababu haikuzuia diski kunakiliwa. Ilichofanya ni kuikataa nakala ikishawekwa kwenye mashine. Bunge la nchi hiyo lilipanua tafsiri mwaka 2006.

Kuhusu DVD zako, jibu linategemea sheria ya nchi uliyopo. Kwa Marekani, ununuzi wa diski hukupa ruhusa ya kuitazama kwa kifaa kilichoidhinishwa, si kuisimbua kwa njia nyingine. Misamaha ya katazo hilo hutolewa kila baada ya miaka 3 na Mkutubi wa Bunge, yaani mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano kwa vipande vifupi vya filamu vinavyotumika katika uhakiki na ufundishaji. Ombi la kuruhusu nakala ya akiba ya filamu ambayo mtu ameinunua limekataliwa zaidi ya mara moja.